Bahari ya lita 60 na mwani usiokubali kuondoka

Kutoka Geita mjini hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mkazi wa kata ya Kalangalala atakaye kuiona bahari hana budi kuikata nchi karibu yote, aanzie ukanda wa dhahabu, apite nyanda za kati, ndipo ateremke pwani. Maji anayoyajua ni ya ziwa, ya kisima na ya bomba. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kuingia katika sebule moja ya kata hiyo, ukavua viatu, ukaitikiwa salamu, kisha ukaikuta bahari imewekwa juu ya meza ya mninga, ikinguruma taratibu kwa mlio wa pampu.

Ni bahari ndogo. Tangi ni la vioo, lina urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, na huchukua lita 60 hivi za maji. Liliundwa na fundi wa madirisha ya alumini, ambaye hakuwahi kuunda kitu cha namna hiyo, akalazimika kutafuta gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huua viumbe wa majini. Ndani yake mna mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wa jamii ile ikaayo katika anemoni, konokono wachache, na kipande cha tumbawe laini kisichozidi kiganja cha mtoto. Hayo tuliyajua baadaye. Kwanza tuliona nywele tu: nywele za kijani, ndefu kama kidole, zimeyafunika mawe yote na kuyumba kwa pamoja kila maji yaliposukumwa. Chini, juu ya mchanga, palitandikwa ute wa rangi ya damu ya mzee wenye mapovu madogo madogo.

Wenye nyumba wametuomba tusiwataje majina, nasi tunaheshimu. Baba ni fundi wa mitambo, mama ana duka la vitambaa, na binti yao wa miaka 12 ndiye mwenye tangi hasa, kwa kuwa ndiye alishaye, ndiye asafishaye na ndiye aandikaye daftarini. Familia ilikuwa imegawanyika. Mama alikwisha kutoa muda: Shaabani ikimalizika na mwani ungali upo, tangi litoke sebuleni, maana meza hiyo inatakiwa kwa futari ya wageni. Baba alikuwa amekwisha kununua dawa. Binti hakutaka dawa wala hakutaka tangi litoke, lakini hakuwa na hoja ya kumjibu baba yake.

Hoja hiyo ipo, nayo inawahusu hata wale ambao hawajawahi kufuga samaki.

Tuanze na maji yenyewe. Bahari haitengenezwi kwa chumvi ya jikoni. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, lakini chumvi hiyo si ya aina moja: mna magnesiamu, mna kalsiamu, mna potasiamu na nyinginezo nyingi kwa vipimo vidogo. Chumvi ya mezani imesafishwa hadi ikabaki karibu aina moja tu, kisha ikaongezwa madini joto. Samaki wa bahari akitiwa humo hadumu, na tumbawe halifiki hata hapo. Wafugaji huagiza chumvi maalumu iliyochanganywa kiwandani kuifuata bahari, nayo kwa familia hii husafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha gharama. Anayemwaga maji ya tangi hili anamwaga fedha, na ndiyo maana mtu huahirisha kuyabadilisha.

Siku za mwanzo tangi jipya ni mfano wa nyumba isiyo na choo. Samaki anakula na kutoa uchafu, uchafu unageuka amonia, na amonia ni sumu. Taratibu huzaliwa juu ya mawe na mchanga bakteria wa aina moja waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kabla haijatulia, na mwenye subira hangoji kuambiwa: haweki samaki mpaka ikamilike. Lakini nitrati haiondoki. Katika tangi dogo hubaki majini ikiongezeka siku hadi siku, na pamoja nayo fosfati itokayo katika chakula.

Mkulima yeyote wa Geita atakuwa amekwisha kuelewa. Nitrojeni na fosforasi ndivyo vilivyomo katika mfuko wa DAP anaoununua msimu wa mahindi unapoanza. Kwa maneno mengine, tangi lile lilikuwa shamba lililotiwa mbolea kila siku, likamwagiliwa na kumulikwa taa, halafu watu wakakaa kushangaa kwamba limeota.

Daftari la binti lilitusaidia sana, kwani aliandika yote bila kujua lipi lina maana. Wiki ya 2 aliandika kwamba mawe yamefunikwa na vumbi la kahawia. Hizo ni diatomu, vimelea vidogo vyenye maganda ya silika, ambavyo hutokea karibu katika kila tangi jipya na hupotea vyenyewe silika ikipungua. Naam, wiki ya 5 aliandika kwamba vumbi limetoweka, na familia ikafurahi. Wiki ya 6 nywele za kijani zikaanza. Mwezi wa 3 ukaja ule ute mwekundu, ambao kwa hakika si mwani bali ni sayanobakteria, jamii ya bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Watu wengi huviita vyote mwani, wakavitafutia dawa moja.

Tulimwuliza binti samaki hula mara ngapi.

"Mara tatu kwa siku," alijibu. "Na mdogo wangu huwapa tena akirudi chuoni, kwa sababu huja mbele ya kioo wakimwangalia."

Hao ni samaki wawili, kila mmoja mfupi kuliko kidole gumba. Taa ilikuwa ikiwashwa wakati wa Alfajiri na kuzimwa baada ya Isha. Tangi lilikuwa karibu na dirisha la mashariki, likipata jua la asubuhi juu ya taa. Na maji yaliyopungua kwa kukauka yalikuwa yakijazwa kwa kikombe kutoka ndoo ya kisimani.

Jambo hili la mwisho ndilo watu hulidharau, basi tulipigie hesabu. Tangi la lita 60 katika nyumba yenye joto, lisilo na mfuniko, laweza kupoteza hata lita 1 kwa siku. Kinachokauka ni maji matupu. Chumvi hubaki, na kila kilichoyeyuka humo hubaki. Ndiyo sababu hujazwa maji yasiyo na chumvi, ama sivyo tangi lingezidi kuwa kali. Sasa tuseme maji ya kisima yana nitrati miligramu 10 katika kila lita, kiasi ambacho kwa mnywaji si cha kutisha. Katika mwezi mmoja lita 30 zimeingia, zimeleta miligramu 300, na hazikutoka. Zigawanye kwa lita 60: tangi limepanda miligramu 5 kwa kila lita, mwezi ule tu, kabla samaki hajala tonge moja. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Birika la chai hutufundisha jambo hilo kwa ule ukoko mweupe wa chini, ila hatulitazami kwa jicho hilo.

Ama dawa ya baba, tuliiomba tuisome. Ilikuwa dawa ya binadamu ya kuua bakteria, ambayo baadhi ya wafugaji huitumia dhidi ya ule ute mwekundu. Huuua kweli, kwa kuwa ute huo ni bakteria. Lakini haizigusi nywele za kijani, na yaweza kuwadhuru wale bakteria wema ambao tangi limewalea kwa wiki 6, ikarudisha amonia. Zipo dawa nyingine za mwani zenye shaba ndani yake; hizo katika tangi la konokono na matumbawe ni kifo. Na hata dawa ikiwa nzuri kiasi gani, swali linabaki: ule mwani ukishakufa unakwenda wapi? Hauendi popote. Unaoza pale pale, unarudisha majini nitrati na fosfati yote uliyokuwa umeifungia mwilini, na bakteria wauozeshao huvuta oksijeni. Usiku, taa ikiwa imezimwa, hakuna mmea utoao oksijeni. Tena Geita iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji ya mahali palipoinuka hushika oksijeni pungufu kuliko ya pwani. Maji ya chumvi hupungukiwa zaidi, na ya joto zaidi tena. Mfugaji hulala akiwa amefurahi na huamka akiwa na samaki wawili juu ya maji.

Hapa suala linaigusa dini pia. Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, haimpiti mtoto wa madrasa. Aliyemfungia kiumbe amechukua dhamana yake. Ajabu ya samaki ni kwamba huyo wa sebuleni mara nyingi hudhulumiwa kwa kulishwa mno, na anayemdhulumu ni mtoto mwenye huruma asiyejua kwamba samaki huyaomba mate kila anayepita.

Basi baba aliikubali hoja, si kwa ajili ya maneno yetu, bali kwa sababu yeye ni fundi na hesabu ya maji ya kisima ilimwingia. "Kumbe tulikuwa tunafunga breki huku tunakanyaga mafuta," alisema. Dawa ikarudishwa kabatini. Yaliyofuata hayakuwa na ustadi wowote, yalihitaji ukaidi tu.

Mdogo mtu alipewa yeye cheo cha mlishaji, mara moja kwa siku, kwa kijiko kidogo cha dawa ya kikohozi, na sharti likawa chakula kiishe ndani ya dakika 2. Tunaona huo ulikuwa uamuzi wa busara wa mama, kwani mtoto aliyekatazwa angelisha kwa siri, bali aliyekabidhiwa anakuwa mkali kuliko wote. Pazia liliwekwa dirishani. Taa ilifungwa kwenye swichi ya saa, ikawa inawaka saa 7 tu. Maji ya kisima yaliachwa. Badala yake familia ilianza kununua maji ya kunywa ya madumu kutoka kwa mtengenezaji ambaye mtambo wake huyasukuma maji kupitia chujio la utando, lile linalozuia hata chumvi zilizoyeyuka. Hili lahitaji kuulizwa dukani, maana si kila maji ya chupa hupitia huko, na yale yanayojisifu kwa madini yake ndiyo yasiyofaa kabisa. Tulishauriana pia juu ya maji ya mvua, tukayaacha: bati la mji wa vumbi jekundu huyachafua kabla hayajafika pipani.

Kila Ijumaa, baada ya Alasiri, lita 6 za maji zilitolewa kwa mpira mwembamba, ukinyonya ule ute mwekundu juu ya mchanga, na lita 6 mpya zilizochanganywa chumvi usiku wa jana yake zikaingizwa. Mawe yalitolewa moja moja, yakawekwa katika ndoo ya maji ya tangi yale yale, na binti akayasugua kwa mswaki mkuukuu na kuzing'oa nywele kwa vidole. Wengi huona kazi hiyo ni ya bure kwa kuwa nywele huota tena. Si ya bure. Kila konzi ya mwani inayotolewa nje imebeba mbolea ndani yake, na mbolea hiyo haitarudi. Kusugua mawe yakiwa ndani ya tangi ndiko kulikokuwa kazi ya bure, na ndiko walikokuwa wakikufanya miezi mitatu.

Kuna mtego mmoja katika vipimo ambao inafaa kuutaja. Mfugaji hununua vichupa vya kupimia nitrati na fosfati, anapima, anakuta karibu na sifuri, naye anatazama tangi lililojaa mwani na kuamini kwamba vipimo ni vibovu. Huenda ni vizima. Mwani umeila mbolea yote kabla ya kipimo kuifikia. Hesabu imo ndani ya nywele. Na kinyume chake, mwenye shauku anayetaka kuzifuta kabisa nitrati na fosfati hupata adhabu nyingine, kwa kuwa matumbawe yenyewe huzihitaji kidogo, na maji yaliyofukarishwa hukaribisha vimelea vingine vyenye ute wa kahawia ambavyo ni vigumu kuliko nywele. Wafugaji wengi wa matumbawe huridhika na nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfati isiyozidi sehemu ya kumi ya miligramu.

Wiki tatu za kwanza hakuna kilichobadilika, na mama alilisema hilo kwa sauti. Wiki ya 5 ute mwekundu ulikuwa umekatikakatika. Wiki ya 8 mawe yalionekana rangi yake, ya zambarau mahali mahali, na konokono walikuwa wakiacha njia nyeupe juu ya kioo. Nywele zilibaki katika pembe moja nyuma ya pampu. Shaabani ilikuwa na siku chache kumalizika, na mama, ambaye ndiye mwenye meza, aliamua kwamba tangi libaki ila lisogezwe hadi kona ya kabati la vyombo. Kusogeza kulichukua nusu siku na ndoo sita.

Binti alituuliza swali ambalo tumelibeba tangu siku hiyo: baharini nani husugua mawe?

Husuguliwa. Miamba ya pwani yetu ina wafanyakazi wake. Kangaja na tasi hula mwani kutwa kucha kama mbuzi katika majani. Pono ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, hukwangua mwamba wenyewe, akausaga na kuunya kama mchanga. Mwamba wenye samaki hao wa kutosha hubaki na nafasi safi ambapo tumbawe changa laweza kushika. Wakivuliwa wote, mwani hupata upenyo. Na jambo halikomi hapo. Tim McClanahan na wenzake, waliochunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, walionyesha kwamba pale walipovuliwa kikande na samaki wengine wenye kuwala wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, ambao huwachoma waogaji miguuni, viumbe hao walizidi mno wakaitafuna miamba yenyewe. Katika hifadhi zilizofungwa kwa wavuvi hali ilikuwa tofauti. Kwetu, kisiwa cha Chumbe kusini mwa mji wa Zanzibar mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe ya upande wetu wa Bahari ya Hindi kupauka na mengi kufa, na mifupa ya tumbawe lililokufa huvikwa mwani katika wiki chache. Baada ya msiba kama huo, kuwapo au kutokuwapo kwa samaki walao mwani kuna uzito mkubwa.

Kangaja hawezi kuwekwa katika lita 60. Ataugua kwa kukosa pa kuogelea. Konokono na mswaki wa binti ndio kangaja wa Kalangalala. Ama tumbawe, msomaji asije akadhani anaweza kwenda likizo Tanga au Kigamboni akavunja kipande akarudi nacho. Matumbawe yenye mifupa migumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na sheria zetu za uvuvi na hifadhi za bahari zinayalinda. Kipande cha familia hii kilikatwa kutoka katika tumbawe lililokuzwa na mfugaji, kikafungwa juu ya jiwe dogo kikashika. Ndiyo njia ya kufuatwa.

Wala mwani wenyewe si adui. Wanawake wa mashariki ya Unguja wameulima kwa biashara tangu 1989, wakiufunga kwenye kamba na vigingi katika maji mafupi, na watoto wamesomeshwa kwa fedha zake. Kuna wafugaji wa matangi wanaofanya jambo linalofanana na hilo: hutenga chumba kidogo nyuma ya tangi, hupanda humo mwani wa nyuzi nene, huumulika usiku, kisha kila mwezi huuvuna na kuutupa. Mwani huo hula mbolea kabla ya nywele kuifikia. Baba wa nyumba ile tayari amekwisha kuchora mchoro wake.

Lakini si lazima kwenda pwani kuiona habari hii. Ziwa Victoria haliko mbali na Kalangalala, nalo ni tangi lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 ambalo limepatwa na mambo yale yale. Tabaka za tope zilizochimbuliwa chini ya ziwa na wanasayansi zinaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba kuzunguka ziwa. Zile diatomu za kahawia zilizokuwa nyingi zamani zimewapisha sayanobakteria. Fosforasi huingia kwa mito, kwa maji machafu ya miji, na sehemu kubwa huingia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni anga: vumbi la ardhi iliyoachwa wazi na moshi wa mapori yachomwayo hutua juu ya maji. Na wasuguaji wa ziwa walitoweka. Furu, wale samaki wadogo wa aina zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 500, walikuwamo wengi wenye kula mwani na masalia ya chini. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa, na furu wa Ghuba ya Mwanza wakapukutika mbele ya macho ya watafiti waliokuwa huko kuwahesabu.

Maji kuwa machafu kuliwamaliza kwa njia nyingine pia. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao ya Ziwa Victoria: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na pale maji yalipotiwa giza na mwani na tope rangi hazionekani, aina zilizokuwa mbalimbali zikachanganyika. Baadhi ya furu walioadimika ziwani walifugwa katika matangi ya Marekani na Ulaya ili mbegu yao isipotee. Wajukuu wa ziwa letu wanalishwa kwa kijiko ughaibuni.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo ni ya kila nyumba inayochota maji ziwani. Baadhi ya sayanobakteria hutoa sumu ya ini, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha. Maji yaliyofunikwa na utando wa kijani mfano wa rangi iliyomwagika yasichotwe kwa kunywa, kupikia wala kutawadhia mtoto, hata kama yatatokota saa nzima. Mchotaji asogee mbali na utando au atafute chanzo kingine, na mifugo izuiwe.

Kwa wale watakaoshawishika kufuga, waanze na tangi kubwa kadiri ya uwezo wao, kwa kuwa maji mengi husamehe na lita 60 hazisamehi. Wawe na pampu ndogo ya hewa ya betri kwa siku za umeme kukatika. Maji ya chumvi yanayotolewa yasimwagwe bustanini, yataua mchicha; yamwagwe chooni. Na mwani uliovunwa usitupwe mtaroni wala mtoni, wala samaki wa tangi lolote, liwe la maji baridi au ya chumvi, wasiachiliwe ziwani kwa huruma. Mwaka 1984, chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ilionekana bahari ya Mediteranea imeota kipande cha mwani wa kijani uliokuwa ukipambia matangi, eneo la mita 1 hivi za mraba. Miaka michache baadaye ulikuwa umetambaa katika pwani za Ufaransa na Italia. Binti wa Kalangalala huukausha wa kwake juani juu ya gunia, kisha huuchoma na takataka.